Waya Kabla ya Plasta

Ijumaa, baada ya Alasiri. Joto limeanza kulegea hapa mtaani kwetu Hail, na leo nimeweza kukaa barazani bila kulilaani jua.

Shajara, nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo ya rangi iliyopinduliwa, kwa sababu hicho ndicho kiti pekee kilichobaki katika nyumba ya Mama. Kila kitu kingine kimefunikwa mashuka. Kuta zimechimbwa mifereji ya waya kutoka chumba hadi chumba. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi nyufa tunazichimba wenyewe, na tunalipa watu watusaidie.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: hii ni nyumba ya wazazi wangu, na ndimo nilimokuwa nikiishi na Mama tangu Baba alipofariki. Mabomba yalipoanza kuvuja ndani ya kuta tukaamua kuikarabati yote kwa mpigo. Mimi nikabaki na chumba kimoja cha nyuma na vumbi lake. Mama akahamia kwa kaka yangu Nassor, kule Madinat Sultan Qaboos, kwa muda tu.

Kwa muda tu. Ndivyo tulivyosema.

Sasa nina hofu, na sijamwambia mtu. Tangu ahamie huko, Mama hajauliza hata mara moja nyumba yake imefikia wapi. Haulizi rangi, haulizi vigae, yeye ambaye zamani kijiko kikihamishwa kabati anajua. Kaka anasema ameshazoea, abaki huko huko. Wifi yangu ni mtu mwema, sina neno naye. Lakini siku nilipomgusia Mama habari ya kurudi, alinijibu, "Nyumba ile imenyamaza, mwanangu. Nnarudi kufanya nini?"

Nilimwelewa. Baba alikuwa mtu wa sauti, na redio yake mkononi. Asubuhi Kurani jikoni, mchana habari, na Ijumaa, Mama akiwa kwenye pilau lake, taarab za zamani ambazo Baba alizifuatisha kwa sauti mbovu isiyo na aibu. Mama alijua Baba yuko chumba gani bila kuinua kichwa. Akapunguka Baba, ikapunguka nyumba yote.

Basi nikajiambia, kama kilichompotea ni sauti, sauti nitaileta mimi. Kila chumba, kuta zikiwa bado wazi.

Dukani walinionyesha spika zinazoongea zenyewe kwa zenyewe bila waya, unaziamrisha kwa simu. Nzuri mno. Nilipoulizia bei nikakumbuka ghafla kwamba nina haraka. Nikarudi nyumbani nikaangalia video mpaka macho yakaniwasha, na nikajifunza jambo moja la maana: waya ni rahisi, ghali ni kuvunja ukuta mara ya pili. Kwa hiyo amplifaya moja ya kawaida, spika mbili za Baba zilizokuwa stoo, nyingine za mtumba kutoka Sib, na waya zipite ndani ya mabomba ya plastiki kabla plasta haijafunika. Mchoro wangu wa kwanza ulifuata zile video kikamilifu, ukawa na spika hadi bafuni. Kaka alipouona akaniuliza kwa upole, "Kurani ya asubuhi tutaisikilizia chooni?" Nikafuta. Wenye video hawana shida kama zetu.

Lakini kilichokuwa moyoni mwangu hasa ni khitma ya Baba. Kwetu, kama nyumba nyingi za hapa, kisomo kinasomwa majlis, upande wa mbele kwa wanaume, na wanawake tunakaa ukumbi wa ndani. Milango miwili na ushoroba mzima katikati. Miaka yote Mama alikuwa akiweka kibao chake karibu na mlango ili adokoe dua. Siku ya khitma magoti yalimkatalia, akakaa nasi ndani. Akaninong'oneza, "Wameshafika kwenye dua?" Nami sikujua. Tukaitikia amina kwa kubahatisha. Mke amemzika mumewe, na dua ya mumewe anaibahatisha. Jambo lile liliniuma, na linaniuma hadi leo.

Ndiyo maana mpango wangu ulianzia majlis. Maiki iwe majlis, amplifaya majlis, na vitufe vyote majlis, kisha sauti iende ukumbini, jikoni na chumbani kwa Mama. Nilijiona mhandisi.

Leo, baada ya Sala ya Ijumaa, Kaka alimleta Mama asikilize kabla mafundi wa plasta hawajaja kesho. Spika nilizitundika kwa misumari, waya zinaning'inia kama tambi zilizotoroka sufuriani. Kaka akaenda majlis na maiki. Mimi nikabaki na Mama chumbani kwake, kitupu, kitanda kimetolewa, yeye ameshika pindo la buibui lisiguse vumbi.

Kaka akaanza kusoma. Sauti ikafika safi, neno kwa neno, hadi ile pumzi anayovuta kabla ya aya. Machozi yakanilenga. Nikamtazama Mama nikingojea yake.

Mama alisikiliza, akainua kidevu kuelekea kwenye spika.

"Hiki kinazimwa wapi?"

Nikamwambia majlis.

"Nikitaka kupunguza?"

"Utaniita mimi, Mama, nitakwenda."

"Na ukiwa kazini? Nitoke na kanga yangu, nipite mbele ya wageni wa Nassor niwaambie nataka kulala?"

Akaendelea, taratibu, bila ugomvi. "Baba yako, Mungu amrehemu, redio yake ilinipigia kelele umri mzima. Lakini nikimwambia punguza, alipunguza. Hiki, wallahi, nitamwambia nani?"

Shajara, nilikasirika. Nasema ukweli. Nilitoka nikaenda kusimama jikoni, nikazitazama zile waya, na nikawaza: jua nimelila mimi, vumbi nimelila mimi, hata asante hakuna. Kaka huko bado anasoma, hana habari, na kila aya inanifuata jikoni kwa ubora ule ule nilioupigania.

Nikataka kumzima. Nikageuka kutafuta kitufe.

Jikoni hamna kitufe.

Hapo ndipo hasira iliponiisha. Sikuhitaji kuelezwa tena. Nimejenga nyumba ya sauti ambayo funguo zake zote ziko kwa wanaume, na mimi ni mwanamke, na nimeichora kwa mkono wangu! Hakuna aliyenilazimisha. Kwetu kila kitu huanzia majlis, kuanzia mazulia mapya hadi kahawa, nami kalamu ikaenda njia ile ile bila kufikiri. Nilimchorea Mama sauti lakini sikumchorea neno "punguza".

Nikampigia simu fundi umeme. Akasema kabla ya plasta kila kitu kinawezekana: kila chumba kitufe chake cha kuzungusha ukutani, waya iteremshwe hadi hapo, ndivyo wengi wanavyofanya, alidhani sitaki. Kumbe angeniuliza tu. Au mimi ningemuuliza.

Nikarudi chumbani. "Mama, nikikuwekea kitufe humu humu, cha kwako, uzime na uwashe utakavyo, unakitaka wapi?"

Akazunguka chumba kwa macho, kona hadi kona.

"Niletee mkeka."

Nikaleta ule wa barazani. Akanionyesha mahali kitanda kilipokuwa, nikautandika pale juu ya vumbi. Nikamshika mkono, akashuka polepole, magoti yakilalamika naye akiyakemea, akajilaza na buibui lake kana kwamba ni saa ya kulala. Lakini hakujilaza upande wake wa mlangoni. Alijilaza upande wa dirishani.

Upande wa Baba.

Akafumba macho, akanyoosha mkono, akapapasa ukuta mpaka kiwiko kilipotulia bila kujikaza.

"Hapa."

"Mama, upande wako si ule?"

"Upande wangu naujua. Weka hapa."

Nikachora alama ya msalaba kwa penseli pale vidole vyake vilipogusa. Kisha nikaizungushia duara, isije ikachanganywa na michoro ya mafundi.

Sauti ya Kaka ikakatiza kisomo, ikatoka kwenye spika juu yetu: "Jamani, mnanisikia huko au nnasomea kuta?"

"Mwambie tunamsikia," Mama akasema, macho bado kayafumba. "Na mwambie apunguze."

Ilinibidi niende mbio hadi majlis kumwambia, maana hicho kitufe bado ni alama ya penseli tu. Nilicheka njia nzima. Kaka akaniuliza kuna nini, nikamwambia mama yako amekuamuru. Akaja nyuma yangu, akasimama mlangoni, akamwona Mama amelala juu ya mkeka katikati ya vumbi. Akawa anafungua kinywa, nadhani amwambie ainuke twende, gari iko juani.

Mama akamwahi. Hakufumbua macho.

"Nassor, plasta inakauka kwa siku ngapi?"

Kaka alinitazama mimi. Mimi nilikuwa naangalia ukuta, kwa sababu nilishaanza kulia.

Wameshaondoka sasa, na Maghrib inakaribia. Fundi umeme ameahidi kuja alfajiri kuteremsha waya, na mimi nitakuwa nimesimama mbele ya ile alama kabla mtu hajagusa mwiko. Jikoni pia nataka kitufe, na ukumbini. Kitanda cha Mama nitakirudisha pale pale kilipokuwa. Mto mmoja tu ndio utahamia upande wa dirishani.