Tai Iliyoliwa na Kerezo

Shoga, acha chochote unachofanya usome. Nimetoka ukweni na kaka yangu sasa hivi, natetemeka kwa kicheko na woga.

Unajua baba wa mchumba wake ni fundi wa kukereza mbao, yaani kuzichonga zikizungushwa kwa mashine ya kerezo. Basi kaka, kwa kutaka sifa, akamwambia, "Baba, kerezo nazijua zote." ZOTE!

Mzee akatupeleka karakana. Mashine tatu: kubwa ya kukerezea mabakuli, ndefu ya miguu ya meza, na nyingine ndogo ya mezani, ya vifungo vya nguo. "Chagua, mwanangu." Kaka akachagua ile ndogo, akidhani udogo ndio upole. Akawasha, akainama na tai yake shingoni.

Shoga, kerezo ikala tai! Kichwa kikavutwa mpaka pua ikagusa mbao. Mashine imekwama inanguruma, kaka anapiga yowe, "Baba! Baba!" Mzee akazima, akachukua mkasi, akakata tai taratibu kama mgeni rasmi anayezindua jengo.

"Nimeona wakwe wakiinama kwa heshima," akasema, "lakini wewe umepitiliza."

Machozi yakamlenga kaka. "Sijui kitu, baba. Niliogopa utaninyima binti."

"Mimi nilipomwoa mama yake sikujua hata kupiga msumari. Kesho asubuhi uje ufagie vumbi la mbao. Bila tai."

Tulipofika mlangoni kwetu, kaka akaninong'oneza, "Dada, mimi nimepewa mke au nimepewa kazi?"