Wakwe wanasema mume wangu ameitwa na wahenga, hawajui ninachotia kwenye maziwa yake

Mama Eufrasia, mwangaluka. Naomba unisaidie kabla pamba haijaisha kuvunwa, maana ikiisha tu mume wangu anaondoka, na mimi ndiye mwenye neno ambalo lingemzuia na nimeshindwa kulitoa mdomoni. Naomba pia ubadilishe majina yetu, huku Ipililo gazeti moja linasomwa na kaya kumi.

Mume wangu Mhoja ana miaka thelathini na moja, tuna watoto wawili, na hakuwa mtu wa makuu, alikuwa mtu wa ng'ombe zake na kwaya ya kanisani. Mwaka juzi wakati wa palizi alianza kuacha jembe na kusimama akisikiliza, nikimuuliza unasikiliza nini ananiambia nyamaza kwanza, baadaye akawa anawajibu watu nisiowaona na kubishana nao, akasema kuna wanaume wawili na mwanamke mmoja wanasimulia kila anachofanya, sasa Mhoja anainama, sasa Mhoja anafunga mkanda, na wanacheka, halafu akaacha kula chakula cha nyumbani kwa sababu hao watu walimwambia kimetiwa kitu. Kaka yake mkubwa, Josia, akampeleka hospitali, wakampima malaria na mengine mengi, akalazwa wiki tatu, wakasema ni skizofrenia, neno nililoandikiwa kwenye karatasi na mpaka leo ulimi wangu unateleza nikilisema. Alirudi na vidonge, akanywa mwezi mmoja, akavitupa chooni, akasema ndivyo hivyo hivyo vilivyokuwa vinatiwa kwenye chakula.

Sasa hapa ndipo ninapoungama. Nilirudi hospitali peke yangu, nikasema mume wangu yuko shambani hana nafasi, nikapewa vingine, na tangu hapo kila mwezi naenda mimi. Karatasi inasema kinywewe jioni, ila asubuhi ndipo anapokunywa maziwa peke yake, basi asubuhi nasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, nakitia kwenye maziwa yake ya mgando, naongeza sukari, nakoroga. Siku moja akanitazama akasema, "Nyamizi, onja wewe kwanza." Nikaonja, nikapiga mafunda matatu makubwa ili asishuku, na saa nne asubuhi jirani yangu Salu akanikuta nimelala chali juu ya pamba niliyokuwa nachambua, akadhani nimekunywa pombe. Nilipoamka mdomo ulikuwa umekauka na mwili mzito, nikawaza, kumbe hivi ndivyo mume wangu anavyoshinda kila siku.

Lakini amepata nafuu, Mama, sikudanganyi. Huu ni mwezi wa nane tangu nianze. Hazungumzi na hewa, anakula, amerudi kwenye ng'ombe, ameanza hata kunitania. Tatizo ni kwamba wiki ile ile niliyoanza na vidonge, baba mkwe, Mzee Ndaki, alikwenda kwa mfumu mmoja wa upande wa Bukundi, mganga anayeagua kwa kuku, kuku akapasuliwa, ikaonekana kwamba guku, yaani babu yake Mhoja, ambaye enzi zake alikuwa mfumu anayefuatwa na watu kutoka mbali, anataka mrithi. Akachinjwa kondoo, guku akajengewa kijumba uani, Mhoja akavishwa shanga nyeupe, na alipoanza kupata nafuu ukoo mzima ukasema, mnaona?

Halafu mikono yake ikaanza kutetemeka. Akishika kikombe kinatikisika mpaka maziwa yanamwagika, na kutembea anatembea hatua fupi fupi kama mzee. Siku mama mkwe alipoiona ile mikono alipiga vigelegele, majirani wakaja, akawaambia, "Guku wake alikuwa anatetemeka hivi hivi akishika kuku. Mzee amemshika mjukuu wake mkono!" Basi wamekaa kikao, wameamua pamba ikiisha aende Bukundi akakae kwa yule mfumu miezi sita afundishwe kazi, na mke haruhusiwi kumfuata. Huko hakuna wa kumkorogea maziwa.

Mama, nina maswali mpaka nachoma ugali. Kama zile sauti zilikuwa za masamva, wahenga wa ukoo, mbona zimenyamazishwa na kidonge kidogo hivi? Kidonge kimewafukuza, au kimemziba masikio yeye na wao bado wanaongea? Na kama si wahenga, ni nani aliyekuwa anacheka mume wangu akifunga mkanda, na mtu anawezaje kusikia mawazo yake mwenyewe kwa sauti ya mwanamke asiyemjua? Mwalimu wa binti yangu anasema wagonjwa hawa wana nafsi mbili, ni kweli? Watoto wangu watarithi? Na ile mikono ni ya nani? Mimi mwenyewe ninayejua siri ya maziwa, nilipoiona mikono ile niliogopa, na kuna siku nimesimama mbele ya kijumba cha guku nikamwomba msamaha.

Nikisema ukweli, wakwe watasema kumbe mchawi tulikuwa naye ndani, na wewe unajua huku kwetu neno hilo likishatamkwa juu ya mwanamke halifutiki. Mhoja naye atajua kwamba zile sauti hazikumdanganya, chakula kilikuwa kinatiwa kitu, na mtiaji ni mke wake. Nikinyamaza, anaondoka na ugonjwa unarudi huko nisikokuwepo. Nimefikiria nimtilie viwili viwili kuanzia sasa ili vijae mwilini vimtoshe miezi sita. Nifanyeje?

Mke wa mtu, Ipililo

MAMA EUFRASIA ANAJIBU

Nyamizi, ndilo jina nililokupa, salamu nimepokea, mwadila mayu. Kabla sijasema lolote: usitie viwili. Ukisoma mstari huu ukaishia hapo, nitalala salama. Dawa hizi hazikai mwilini kama mahindi ghalani, ukizidisha unamuumiza leo na kesho kutwa zimekwisha.

Nilipofika pale Salu alipokukuta juu ya pamba nilicheka, nisamehe, kisha nikaacha kucheka. Nimeuguza wagonjwa wa akili miaka ishirini na sita, na wauguzi waliowahi kuonja dawa wanazogawa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Wewe umemjua mumeo kwa namna ambayo sisi wengi hatukuwajua wagonjwa wetu. Umemrudisha mezani na kwenye zizi lake. Pokea sifa hiyo vizuri, maana nyingine haiji karibuni.

Nianze na mikono, kwa sababu mikono ndiyo inayompeleka Bukundi. Dawa nyingi za skizofrenia, hasa zile za zamani ambazo ndizo zinazopatikana kwa urahisi, zinaweza kufanya mikono itetemeke, viungo vikaze na hatua ziwe fupi. Ni madhara yanayojulikana na yana dawa: daktari anapunguza kipimo, au anabadilisha kidonge, au anaongeza kingine cha kutuliza. Muuguzi yeyote wa kliniki angeyashuku dakika ile Mhoja anapoingia mlangoni. Sasa nikuulize, angeyaonaje, wakati miezi minane amekuwa akiiona mikono yako wewe? Umeelewa, mwanangu? Ukoo unasema guku amemshika mjukuu, na ishara wanayoitegemea imetoka kwenye kijiko chako. Ile siri uliyoifanya ili umwokoe ndiyo inayomfungia mizigo.

Sasa sauti. Mhoja alikuwa anasikia kweli, usije ukamwambia alikuwa anajisingizia. Sisi wote tuna maneno yanayopita kichwani, na ubongo unatuwekea alama kwamba haya ni yako. Wataalamu wengi wanadhani kwamba katika ugonjwa huu alama hiyo inapotea, hivyo wazo lililozaliwa ndani linamfikia mtu kama limetoka nje, lina sauti ya mtu mwingine, na mara nyingi linamkosoa. Sauti inayosimulia kila unachofanya, watu kadhaa wanaokuzungumzia, hofu ya kutiliwa kitu, hayo nimeyasikia Bariadi, nimeyasikia Mwanza, na wenzangu wameyasikia kwa wagonjwa wa nchi ambazo hazina mfumu wala guku. Dawa inapunguza kelele ya kemikali fulani ya ubongo. Haifukuzi wahenga wala haizibi masikio, ndiyo maana Mhoja anasikia ng'ombe akilia na anasikia ukimtania.

Nafsi mbili? Mwalimu amesikia hadithi. Mhoja ni mmoja, yule yule. Na si kila anayesikia sauti ana skizofrenia: malaria ikipanda kichwani inaweza kuleta hayo, pombe inaweza, sonona kali inaweza, mzazi aliyejifungua juzi anaweza, ndiyo maana walimpima kwanza. Watoto? Ugonjwa unatembea kwenye damu lakini si kwa lazima. Watoto kumi wenye mzazi mmoja mgonjwa, tisa hivi hawataupata. Wakikua waambie ukweli wa familia yao na uwaweke mbali na bangi, basi.

Kuhusu masamva, mimi ni binti wa Lalago, nimekulia kwenye boma lenye kijumba uani, sitakutukania wazee. Kondoo hakumdhuru Mhoja, na ndugu kukusanyika kwa ajili yake kumemsaidia kuliko wanavyojua. Mfumu mmoja mzee niliyemheshimu aliwahi kuniambia, "Anayeitwa na wahenga anapewa kazi. Anayetishwa asile chakula cha mkewe, huyo ni wa kwenu hospitali." Alikuwa akituletea wagonjwa yeye mwenyewe, akiwashika mkono.

Haya, kemeo. Mtu anaogopa kwamba chakula chake kinatiwa kitu, nawe dawa ya hofu hiyo unaitia kwenye chakula! Na kidonge kilichoandikwa kinywewe jioni unampa asubuhi, kwa sababu asubuhi ndipo anapokunywa maziwa peke yake, halafu unashangaa anashinda mzito. Siku atakapogundua mwenyewe, na atagundua, hatakuamini wewe, wala muuguzi, wala sufuria ya nyumba hiyo. Mficha maradhi kilio humfichua, na mficha dawa naye haponi. Najua ulifanya kwa upendo na kwa woga. Wakati ule alikuwa hasikii la mtu, na hukuwa na wa kumuuliza. Sasa unaye.

Wiki hii nenda kliniki, mwambie muuguzi kila ulichoniandikia, pamoja na mikono. Atakasirika kidogo, mvumilie, kisha atakusaidia kupanga. Mwambie Josia pia, maana yeye ndiye aliyempeleka mdogo wake mara ya kwanza na neno lake lina uzito kwa baba yao. Kisha asubuhi moja, ng'ombe wakiwa na mtu mwingine na watoto wakiwa kwa Salu, mkae watatu, wewe, Josia na Mhoja, mseme naye kabla hajala chochote. Usizunguke. Mwambie, "Mhoja, ulisema chakula kina kitu. Wakati ule wa mwanzo hakikuwa na kitu. Miezi hii minane kilikuwa nacho, ni dawa ya hospitali, na aliyetia ni mimi, niliogopa kukupoteza. Sitatia tena bila wewe kujua." Halafu nyamaza, hata kama kimya kitakuuma.

Anaweza kukasirika, ni haki yake. Asikae bila dawa ghafla, kwa hiyo jioni hiyo kidonge kizima kiwe mkononi mwake na maji pembeni. Akikubali, siku ya kliniki aende yeye, mikono ikaonwe. Kuna pia sindano ya mara moja kwa mwezi kwa wasiopenda vidonge, aulizie. Akikataa, usirudi kwenye kijiko, kamwe. Mwende naye na Josia, aseme sababu zake kwa daktari. Na sauti zikirudi zikimwamuru ajidhuru au amdhuru mtu, msisubiri kikao cha ukoo, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Wakwe usiwaeleze wewe. Muuguzi amwite Mzee Ndaki na mkewe, awaeleze kwa mdomo wake mikono inatetemeka kwa nini, na aseme wazi kwamba dawa ilitoka kwake. Hapo neno lile unaloliogopa halitapata pa kukushika. Na mfumu wa Bukundi naye Josia akamwone, amuulize kama Mhoja akija atamwacha anywe dawa zake na ahudhurie kliniki. Jibu lake litawaonyesha kama ni mtu wa kumkabidhi ndugu yenu.

Nina jambo moja bado. Nimeisoma barua yako mara tatu. Najua baba mkwe anataka nini, na mama mkwe, na kuku ameonyesha nini, na wewe unaogopa nini. Nimetafuta sentensi inayosema Mhoja mwenyewe anaionaje hiyo safari, na sikuipata. Labda anatamani kazi ya babu yake. Labda anaogopa, na anawaheshimu wazazi tu. Ana akili zake timamu mwezi wa nane huu, na katika boma zima hakuna aliyemuuliza. Muulize wewe.