Dawa Aliyoisubiri Baba

Temeke, Dar es Salaam
Juni 9

Kaka Venance,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, wewe, wifi Monica na watoto, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimetulia. Mie mwili ni mzima, kazini ninakwenda, chakula ninakula. Zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu ungenikatiza, na mie ningeshukuru kukatizwa. Gervas wa mama mdogo anakuja Masasi kesho, nimempa akukabidhi mkononi.

Ujumbe wako kuhusu kikao cha Jumamosi nimeupata. Umesema wazee wamekubali mdogo wetu Anastasia atoke kwenye nyumba ya baba pale Chanika kabla mwezi haujaisha, na unataka niunge mkono, maana mie ndiye msomi wa familia na neno langu litamaliza ubishi. Umesema mtu aliyemwacha baba afe kwa uzembe hastahili kulala chini ya paa lake. Hilo nimelisoma mara nyingi. Kabla sijakujibu, acha nikueleze kazi yangu. Hujawahi kuniuliza, ulikuwa unawatangazia watu tu.

Pale maabara Mikocheni tunatengeneza peptidi. Ni vipande vidogo vya protini, vinavyoundwa kwa kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, kama mtu anayetunga shanga. Mashine inaunga moja, inasuuza, inaunga inayofuata. Ya kwangu ilikuwa na shanga kumi na nne. Tuliiweka kwenye kisahani chenye seli za saratani ya koo, zikafa, na seli zisizo na ugonjwa kwenye kisahani cha pili zikabaki hai. Siku hiyo mkuu wetu, Dakta Tayyaba, ambaye si mwepesi wa kusifu, alituagizia sambusa wote. Mie nikapiga simu Chanika nikamwambia baba tumepata kitu kinachoua saratani. Wakati ule alikuwa mzima, yuko na vinyago vyake. Alicheka, akasema kumbe mpingo umezaa daktari.

Miezi minane baadaye ugali ukaanza kumkwama. Ukafuata wali, ukabaki uji. Anastasia ndiye aliyemtoa Chanika alfajiri kumpeleka hospitali, akakaa naye walipomwingiza mpira wa kamera kooni, akapokea majibu kwamba ni saratani lakini haijasambaa. Baba akapangiwa kuanza mionzi Jumatatu, tarehe kumi na nane Machi mwaka jana.

Jumatatu hiyo hakwenda, wala iliyofuata. Alipokubali kwenda ilikuwa Julai, na madaktari walisema imeshafika kwenye ini, wakamrudisha nyumbani na dawa ya maumivu. Septemba tukamzika. Na wewe, uliyekuja mara moja katika ugonjwa wote ule, ulisimama mbele ya waombolezaji ukasema Anastasia alimficha baba kama mzigo. Yeye alikuwa anawanawisha watu mikono. Akaendelea kumimina maji.

Sasa nikueleze ambalo hulijui, kaka.

Jumatano kabla ya ile Jumatatu ya mionzi, tulichanganya peptidi yangu na damu ya binadamu ndani ya chupa. Baada ya dakika saba haikuwepo tena. Vimeng'enya vya kwenye damu viliikatakata yote. Nilirudia mara tatu, jibu likawa lilelile. Dakta Tayyaba aliniambia kwa upole kwamba kuna tulichojifunza, lakini hii haitakuwa dawa ya mtu yeyote, na hata ingedumu, ingepita miaka mingi kabla haijamgusa mgonjwa.

Jioni yake Anastasia alinipigia. Alisema baba amekataa mionzi, anasema hawezi kwenda kuunguzwa wakati mwanawe anamtengenezea dawa. Akaniomba, "Dada, njoo umwambie mwenyewe. Mie hanisikii. Wewe atakusikia."

Nilikwenda Jumapili, na kweli nilikwenda kumwambia. Nilimkuta ameketi nje na Mzee Twalib jirani yake na wanaume wengine watatu. Amevaa shati la sikukuu, kola imeshakuwa kubwa kuliko shingo. Akawaambia, huyu ndiye. Mzee mzima akasimama kunipisha kiti. Kisha baba akaniuliza mbele yao, "Haya mwanangu, imefika wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikawatazama wale wanaume walionyamaza wote wanisikilize mie, binti wa mchonga vinyago, nikasema, "Inakaribia, baba."

Anastasia alikuwa mlangoni na sinia la chai, akasikia. Aliponisindikiza barabarani aliniuliza kama ni kweli. Nilimwambia si kweli, na nikamsihi asiseme, kwamba wiki ijayo nitarudi nimweleze baba tukiwa wawili. Sikurudi mpaka zilipopita wiki tano. Niliporudi alikuwa amekonda hivi kwamba niliogopa kumnyang'anya lile neno, maana ndilo pekee alilokuwa anashikilia. Nikalirudia.

Baada ya matanga nilimuuliza Anastasia kwa nini alikubali umtukane vile bila kujitetea. Aliniambia, "Ulikuwa umesimama palepale, dada. Nilikuwa nakusubiri uanze."

Sikuanza, kaka. Nimekaa miezi tisa nikijua.

Mwezi uliopita tuliifunga ile peptidi ncha kwa ncha ikawa pete, na sasa inadumu kwenye damu saa sita. Bado si dawa, lakini wenzangu walipiga makofi. Mie niliingia chooni nikajifungia.

Jumamosi nitakuja Chanika na nitayasema haya mbele ya wazee, hata kama utakuwa umeichana barua hii. Kama ni lazima mtu atolewe kwenye urithi wa baba, nitoeni mie. Anastasia hajui kwamba nimekuandikia, wala hajaniomba. Ukishuka kwenye basi usije kwangu kwanza. Nenda kwake. Sijui utamwambia nini, na sitakusaidia kutafuta maneno, maana ya kwangu mwenyewe bado sijamwambia.

Msalimie sana wifi Monica. Wasalimie na watoto, na ukiwasikia wakiwaambia wenzao shuleni kwamba shangazi yao ana dawa ya saratani, warekebishe. Waambie hana.

Ni mie mdogo wako,
Yuliana Kasimiri