Ua la Porini Lililodhaniwa Kitunguu

Marani, Kisii
Mwezi wa Aprili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mguu wako umepoa? Na huko Rabai mvua imeshuka, au bado mnayatazama mawingu? Mimi mwili ni mzima. Kaka Luvuno, wewe unayemsomea, msomee yote. Najua unapenda kuruka mahali pabaya.

Uliniuliza kama nimetulia. Bado, Mama. Tangu tupate uhuru nimefundisha shule nne, na kila moja niliihama kabla sijawajua wazazi wa watoto. Hapa ni pazuri, ndizi zimeota mpaka mlangoni na asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta, lakini sikumaliza miezi mitatu kabla ya kuanza kuulizia nafasi kwingine. Naishi nyumba moja na Mwalimu Kerubo wa darasa la kwanza, binti wa Nyamira, Msabato, mcheshi, haanzi kupika bila kuimba.

Mwaka jana niliona ua ukingoni mwa barabara. Mvua za kwanza zilipoanguka lilichomoza shina tupu, bila jani, na juu yake kichwa chekundu cha mviringo kama mpira wa nyuzi. Kila niliyemuuliza jina lake alinijibu, "Hilo ni ua la porini tu, Mwalimu." Mwaka huu, Februari, watu wa barabara walipoukata ukingo ule, niliokota matunguu yake matano, yale ya chini ya shina yanayofanana na vitunguu, nikayapanda kivulini, kando ya ukuta wa jikoni.

Ua hili hulala wakati wa kiangazi. Halitaki maji mengi, halitaki kuguswa. Mimi sikuweza kuyaacha. Kila Jumamosi, Kerubo akiwa kanisani, nilichukua kijiko nikayachimbua nione kama yana mizizi, kisha nikayafukia tena.

"Wewe ungekuwa kuku," Kerubo aliniambia, "hakuna yai lingeanguliwa."

Jumamosi moja nilikuta mawili yameanza kuoza kwa maji yangu. Niliyaosha nikayaacha kwenye ungo jikoni. Kesho yake nilienda kanisani kwetu, Kerubo akabaki kupika mboga. Niliporudi nilimkuta ameinama mlangoni, mate yanamchuruzika, anatapika.

"Kitunguu chako," alisema, "ni kichungu."

Mama, nilikimbia dukani kuomba msaada. Mwenye duka alitupeleka mjini kwa pikapu yake. Daktari alinitazama nilipomwonyesha tunguu lililobaki, akasema ni bahati Kerubo amekula kidogo, ila siku mbili za kwanza ndizo za kuangaliwa. Mama yake Kerubo alitumiwa habari Nyamira.

Sasa Luvuno, usiruke. Siku ya pili nilirudi nyumbani kuoga. Nilipoufikiria uso wa mama yake Kerubo, nilifungasha begi langu. Magauni mawili, leso, sweta, na chini kabisa cheti changu cha ualimu. Sikuenda hospitali. Nilienda kituo cha mabasi. Basi la Kisumu lilikuwa linanguruma, na utingo keshanishika mkono, "Dada, panda, tunaondoka!" Mara akateremka mama mmoja kutoka gari la Nyamira, kikapu kichwani. Nilimjua, ni mama yake Kerubo, alipata kututembelea wakati wa Krismasi.

"Mwalimu! Unaenda kwa Kerubo? Na umebebea yeye nguo! Mungu akubariki. Mimi nimetoka na haraka, hata leso sikushika."

Akalichukua begi mkononi mwangu, akatangulia. Nikamfuata.

Wodini alilifungua, akamvisha Kerubo gauni langu la bluu. Hapo nikashindwa kunyamaza. "Mama, ni mimi niliyeyaacha yale matunguu jikoni."

Alitoa uji kikapuni. "Na ni wewe ulileta yeye hospitali?"

"Ndiyo."

"Basi kaa hapo. Shika kichwa yake nimpatie uji."

Nikakishika. Habari ya basi sikumwambia.

Kerubo alipona. Siku aliyorudi, amekonda, alitwaa jembe akayahamisha matunguu matatu yaliyosalia mbali na jiko, akanikataza kuukaribia udongo ule. Nilizoea kupita pale na mikono mgongoni kama mfungwa. Mvua zilipoanza, Jumatatu, aliniita kwa kelele. Maua mawili yalikuwa yamefunguka. Tulisimama kwenye matope tukiyatazama, ndipo nikamweleza kwamba lile begi halikuwa lake, nilikuwa natoroka.

"Nilijua," alisema. "Nani anampelekea mgonjwa cheti cha ualimu?" Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nililia, naye akaendelea kucheka huku amenishika bega.

Usidhani nimepona, Mama. Miguu bado inaniwasha. Juzi nilienda kwa mwalimu mkuu kuomba fomu ya uhamisho. Aliponiuliza shida yangu, nilijikuta naomba kipande cha waya wa kuzuia mbuzi wasiyale maua yetu. Amenipa.

Nisalimie Mjomba Kombo seremala, na Bibi Mkambe mkunga, aliyenipokea duniani, mwambie namkumbuka. Shangazi Kache, muuza nazi, mwambie huku nazi sijaiona, napikia maziwa. Watoto wa Luvuno wabusu wote. Kerubo na mama yake wanakusalimu sana.

Ni mimi binti yako, ambaye bado yuko Marani,

Raheli