Msumari wa Barazani

Naivasha, Kenya

Mama yangu,

Nakusalimu kwa mikono miwili, na kabla ya yote naulizia goti lako. Bado linakusumbua ukipanda milima ya Masereka kununua vitunguu? Mimi ni mzima, ila baridi ya hapa inanionea.

Barua yako imenifikia kwa Yusufu, yule dereva wa lori wa Beni, ikiwa imekunjwa ndani ya fulana yake. Nimeisoma mara nne. Unasema wanajeshi walikuja kwetu Kimemi, hapo Butembo, kutafuta zahabu iliyoonwa na mashine yangu, na kwamba kabla hawajaingia uliwahi kuung'oa ule msumari niliopigilia barazani. Nilicheka niliposoma ulivyowajibu: "Ile ni balanse tu, ya kupima bintu. Kama mutoto yangu iko na zahabu, mi ningekuwa nauzisha bitunguu?"

Mama, umesema kweli tupu bila kujua. Ni mizani kabisa: kizito kidogo kinaning'inia kwenye springi. Chini kukiwa na mwamba mzito kinavutwa zaidi, kukiwa na uwazi au udongo mwepesi kinavutwa kidogo. Zahabu haioni. Hapa tunaitumia kutafuta mahali mvuke wa moto unapopita chini ya ardhi.

Unauliza kama nimekasirika kwa ajili ya msumari. Hapana. Wa kuulizwa ni mimi.

Springi ile huchoka. Kwa hiyo asubuhi unapima kwenye alama moja, kama ule msumari, unazunguka mchana kutwa, na jioni unarudi palepale kupima tena. Usiporudi, hujui kipi kimetoka ardhini na kipi ni uchovu wa mashine, na kazi yote ya siku inakuwa bure. Ndiyo maana asubuhi ile niliyoondoka nilikuambia nitarudi jioni, nawe ukasema utanifunikia mboga ya sombe. Mimi na injiniya wangu tulipofika Beni, mtaa wa Bungulu, tukasikia vita vimefunga njia nyuma yetu.

Nilikuacha uamini kwamba sikuwa na namna. Ilikuwepo. Kesho yake Yusufu alikuwa anarudi Butembo kwa kuzunguka, akaniambia, "Petit, panda, tuende kwa mama yako. Njia iko mubaya, mais tutapita." Injiniya naye alikuwa amenifungulia mlango wa gari lake, anaelekea mpakani. Nikapanda la injiniya. Niliogopa kufa, na kazi niliitaka. Tangu hapo nimekuandikia habari za baridi na chakula, hilo sikuandika. Yusufu naye amenisitiri, namshukuru.

Ukurasa wa vipimo vya siku ile ninao. Namba ya asubuhi ipo, ya jioni hakuna. Injiniya aliniambia niuchane kwa kuwa haufai kitu. Nilikataa.

Msumari usiurudishe, wasije tena. Njia ikifunguka, Yusufu amekubali kunibeba, na mashine itabaki huku. Mahali penyewe nitapajua: hatua moja kutoka mlangoni, pale unapokaa kuchambua maharagwe. Ukitaka kunifukuza, nifukuze nikiwa nimesimama hapo.

Nisalimie dada Masika na wanawe, mjomba fundi wa mikokoteni ya chukudu, na jirani yetu Mama Zaina, ambaye najua ndiye anayekusomea haya. Asiruke mstari.

Ni mimi mwanao Kambale, niliyesema nitarudi jioni.