Salamu Ambazo Kuruta Hakutuma

Mshauri wangu mpendwa, anayekuandikia ni fundi baiskeli ambaye maji yamemfika shingoni, nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana kunigombeza najua utanigombeza.

Binti yangu wa mwisho yuko jeshini, kwenye mafunzo ya mwanzo, na kambi hiyohiyo yuko kijana wa jirani yetu msusi, ambaye saluni yake imepakana na karakana yangu, watoto wenyewe wamekua pamoja wakigombania pampu yangu ya upepo, wakaondoka siku moja na gari moja, na sisi tuliobaki tukawa hatujui hata mikono yetu tuiweke wapi. Kule simu zao wamenyang'anywa, wanaruhusiwa kupiga Jumapili tu, kwa foleni, dakika chache kila mmoja. Basi Jumapili wazazi wote wa hapa wenye watoto kule hukusanyika kwenye benchi langu, aliyepigiwa anawagawia wenzake habari, wa fulani ameonekana anakula vizuri, wa fulani mguu umevimba lakini anatembea, tunataniana, tunafutana machozi, kuna seremala mmoja ameanza hadi kukimbia barabarani alfajiri eti anamsindikiza mwanawe, tumbo likiwa limemtangulia. Mimi wameniita Baba Koplo ingawa binti hata cheo hana. Nakwambia ukweli, bila wale watu mimi na mke wangu tungekuwa tumeshapata wazimu.

Tatizo ni kwamba kijana wa msusi hapigi. Jumapili ya kwanza mama yake alikuja mbio, amemwacha mteja kichwa nusu kimesukwa, kitana mkononi, akaniuliza, "Shemeji, na wa kwangu je?" Binti alikuwa ameniambia kwamba yupo, mzima wa afya, ila kwenye foleni ya simu hasimami, anakwenda zake kung'arisha buti. Nikamtazama yule mama, amemlea mwanawe peke yake tangu ananyonya, ulimi ukaniteleza, nikasema, "Anakusalimu sana, ni foleni tu ilikuwa ndefu." Mshauri, ungeuona ule uso! Alirudi saluni anaimba.

Sasa Jumapili iliyofuata ningemwambia nini? Nikatunga tena, kwamba ameshazoea, kwamba afande alimkemea kwa kucheka kwenye gwaride, na siku moja nikapitiliza kabisa nikasema, "Anaukumbuka mkono wako ulivyokuwa unamnyoa," akalia palepale, na wenzake wakalia naye, seremala akasema kumbe hata watoto wa kiume wanakumbuka, na siku hiyo kila mtu alikwenda kwake moyo mwepesi. Naye yule mama kila mara hunipa salamu zake, mwambie avae soksi mbili, mwambie chumba chake sijakigusa, nami naitikia kwamba nitafikisha, ila dakika zenyewe chache na binti ana mengi ya kusema, si unajua tena.

Juzi nikambana binti, nikamwambia mshike huyo kijana umlete kwenye simu. Akasema, "Baba, mwache. Siku tunaondoka mama yake alimwambia, 'Wewe? Hata wiki humalizi, utarudi hapa unalia.' Amesema hampigii mpaka amalize mafunzo." Mshauri, maneno hayohayo yule mama huyasimulia kwenye benchi langu kama mzaha, anacheka mpaka anashika mbavu, "Nilimwambia hata wiki hamalizi, na mwoneni sasa!"

Gwaride la kumaliza mafunzo limekaribia. Tunakwenda wote pamoja, ameshashonesha gauni, na anasema akimtia tu mwanawe machoni, kitu cha kwanza atamshukuru kwa zile salamu zote. Kijana atauliza, salamu gani? Na hapo ndipo mama wa watu atajua, mbele ya umati, kwamba mwanawe alimnyamazia na kwa nini alimnyamazia. Mke wangu anasema nilianza peke yangu, nimalize peke yangu. Je, nimwambie? Au nimwombe kijana kupitia kwa binti akubali tu kwamba alizituma? Nikikosa jibu najifanya mgonjwa siku hiyo, sijui njia nyingine.

Wako, Baba Koplo

MSHAURI ANAJIBU

Baba Koplo, tuanze na huo ugonjwa. Huumwi. Binti yako amevumilia jua na buti miezi yote hii akitamani kumwona baba yake pembeni ya uwanja, na wewe ujifunike blanketi kwa sababu ya mdomo wako? Utakwenda, na shati utapiga pasi.

Salamu ya kwanza sikugombezi. Mama amesimama mbele yako na kitana, nani angekuwa na moyo wa kumwambia mwanao hataki kupiga? Pengine hata mimi ningesema vilevile. Ya pili nimenuna. Lakini ile ya kunyolewa, fundi, ile ilikuwa ya kujifurahisha mwenyewe. Ulionja utamu wa kuwa mtu anayeleta habari njema, ukashindwa kuacha.

Kuna jambo jingine umelipitia harakaharaka ukidhani sitaliona. Mama alikupa salamu zake. Soksi mbili. Chumba hakijaguswa. Hizo hazikuwa za kutunga, zilikuwa zake kabisa, na hukufikisha hata moja. Za uongo umezipeleka kila Jumapili, za kweli umezikalia. Kwa hiyo kijana analala kule na sentensi moja tu ya mama yake, ile ya siku ya kuondoka, na mengine yote aliyotumiwa yamebaki karakanani kwako pamoja na viraka vya tairi. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili na imeniumiza.

Kumwomba kijana adanganye pamoja nawe, futa kabisa. Hasira ni yake, ana haki nayo, na hakuna aliyekutuma umsemee.

Sasa sikiliza. Nenda kwa msusi leo asubuhi, kabla hajafungua, maana hakuna mahali magazeti yanasomwa kama saluni, na sitaki ayajue haya kwa mdomo wa mteja aliyekaa kwenye kiti. Usiende na hotuba. Mwambie, "Shemeji, zile salamu zilikuwa zangu." Kisha nyamaza, jambo ambalo naona kwako ni mtihani. Atakutukana, na utapokea. Akishamaliza atauliza kwa nini basi mwanawe hapigi, na hapo usimfiche, kwa sababu ukimficha atajijibu mwenyewe kwamba hapendwi, na hilo si kweli. Mwambie neno lililomuumiza mwanawe ni lipi. Mwambie pia kwamba mshauri amesema yeye, kama mama, hakuwa na nia mbaya. Nawajua akina mama wa namna hiyo, mimi ni mmoja wao. Mtoto anabeba begi, tunatupa utani ili tusilie mbele yake, halafu yeye anaondoka na utani ule akidhani ndicho tulichokuwa nacho moyoni.

Atajilaumu vibaya sana, kwa hiyo asiachwe peke yake siku hiyo. Mama Koplo, najua unasoma. Mambo ya "maliza peke yako" yameisha, chukua kiti ukakae na mwenzako. Mmekuwa mkifutana machozi kwa habari za uongo, mtashindwaje kufutana kwa habari za kweli?

Halafu Jumapili, simu ikiita, usiipokee. Mpe msusi. Najua ninachokuomba, najua umeingojea sauti ya binti yako wiki nzima na dakika zenyewe hazitoshi hata kuulizana hali. Wiki hii si zako. Mama mwenyewe amwombe binti amfuate kijana huko anakong'arisha buti, amwambie mama yako yuko kwenye simu, anasema alikosea na anataka kukwambia mwenyewe. Kijana akija, haleluya. Asipokuja, mama amwachie binti maneno yake, kama alivyoyasema, bila wewe kuyapaka rangi, na binti atayafikisha hata kama ni kwa kupiga kelele wakati wanakimbia. Siku ya gwaride kijana hatakuwa tena anamsubiri mtu aliyemdharau.

Wewe wakati huo toka nje. Simama mbali, mbali kabisa, usitege sikio dirishani. Na wenzako kwenye benchi wakikuuliza wawili hao wamesemezana nini, wajibu, "Sijui," na iwe kweli.