Baba Alisema Tatu

Nyumbani kwa Mwalimu,
Chumba cha cherehani.
Jumapili, 31 Agosti.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limeacha ubishi, maana mara ya mwisho uliniambia linajua mvua kabla ya redio. Je, mjukuu ameshaota meno? Picha yake nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Wateja wanadhani ni wangu, nami siwasahihishi. Kwa umri huu sifa ya bure hairudishwi.

Sisi huku, Shangazi, ndipo kalamu inapokwama. Kwa kawaida ningeandika kwamba hatujambo. Sisi wengine kweli hatujambo. Baba ni mgonjwa sana, na yale yote niliyokuambia kwenye simu tangu Juni, kwamba anaendelea vizuri, kwamba daktari ameridhika, kwamba kakonda kidogo tu, hayakuwa kweli. Nilikuwa nakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nisamehe.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu siwezi. Baba hasikii vizuri siku hizi, kwa hiyo huwa tunaweka sauti ya juu, naye hukaa palepale ananikazia macho. Ukiuliza tu habari zake, mdomo wangu unajibu hajambo kabla sijauruhusu. Barua hii nampa jirani yetu mkunga, anayesafiri kesho kuja huko, akukabidhi mkononi. Nakuomba uisome ukiwa umekaa.

Nianze mwanzo. Unajua alipasuliwa mwishoni mwa Mei, wakatoa kipande cha utumbo mpana chenye saratani na kuziunga ncha mbili zilizobaki. Hilo nilikuambia bila kupunguza. Ambalo sikukuambia ni kwamba aliingia kwenye utafiti. Pale hospitali, mtu aliyepasuliwa hivyo hulazwa siku kumi. Daktari wao mmoja akaona kwamba wengi wangeweza kurudi kwao siku ya nne, wakalala kwenye vitanda vyao, mradi kila asubuhi muuguzi awapigie simu na kuwauliza maswali. Sasa wanapima kama ni kweli. Nusu ya wagonjwa wanabaki siku zote kumi, nusu wanaondoka mapema, na kompyuta ndiyo inayopiga kura nani awe upande gani. Walitueleza vizuri, siwezi kuwasingizia. Karatasi zilikuwa kurasa sita. Baba alizisoma zote, akasahihisha nukta mbili, ndipo akatia sahihi.

Daktari mwenyewe unamfahamu. Ni yule mwanafunzi wake aliyekuwa akija darasani kila siku bila kalamu, mpaka baba akambatiza Bila-Kalamu, na shule nzima ikaitikia. Leo ni mpasuaji mkubwa, ana miwani na kitambi cha kiasi, na wauguzi humpisha njia akipita. Lakini alipomwona baba kliniki alisimama wima na mikono nyuma, kama anayesubiri viboko. Tulicheka sana siku ile, na baba akacheka kutushinda.

Kompyuta ikamweka baba kwenye kundi la nyumbani. Ikawa kila siku saa mbili kamili asubuhi simu inalia, muuguzi mwenye sauti ya upole anauliza maswali yake sita. Maumivu, kutoka sifuri hadi kumi, ni ngapi? Joto la mwili? Umekula? Umetapika? Umepata choo? Umelala? Maumivu yakifika tano, daktari anapiga mwenyewe. Yakifika saba, mgonjwa anarudishwa wodini siku hiyohiyo.

Sasa wewe unamjua kaka yako na alama zake. Miaka thelathini na minane ubaoni, hakuna mtoto aliyewahi kupata kumi. Mimi wa kunizaa alinipa nne kwenye insha, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: una haraka. Kwa hiyo aliposema mbili, na kesho yake akasema mbili, nilicheka peke yangu nikaendelea kushona. Nikadhani ni ubahili wake ule wa siku zote.

Siku ya tisa tangu apasuliwe ndiyo inayonila. Alikuwa hajagusa chakula tangu jana yake. Shati nilishambadilisha mara mbili asubuhi ile, yote yamelowa jasho. Nikamkuta bafuni ameshika sinki kwa mikono miwili, amefumba macho. Kipimajoto kilikuwa mezani, nikakisoma kwa macho yangu haya: thelathini na nane na nusu. Simu ikalia. Baba akasafisha koo, akavaa sauti yake ya darasani, akasema joto ni thelathini na saba. Akaulizwa maumivu. Akasema tatu.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na shati mkononi. Nikaanza, "Baba, mbona..." Hakuniacha nimalize. "Wewe umeulizwa?"

Nikanyamaza. Nina miaka arobaini na sita, Shangazi. Nimezika mume, nimelea watoto wawili kwa sindano na uzi, nimewahi kumfukuza mteja mlevi kwa mkasi. Na asubuhi ile nilinyamaza kama mtoto wa darasa la tatu, nikaenda kufua lile shati.

Siku ya kumi na moja alianguka, na kaka yangu akambeba mgongoni hadi garini. Walimpasua tena saa ileile. Pale walipounga utumbo palikuwa pamefumuka, na uchafu umesambaa tumboni. Mimi ni fundi cherehani. Nikiambiwa mshono umefumuka sihitaji kuchorewa picha. Bila-Kalamu alitoka chumba cha upasuaji na kofia yake ya kijani imelowa, akatueleza kwamba jambo hili huweza kutokea hata mikono iwe mizuri namna gani, na ndiyo sababu ya zile simu. Wangelijua siku ya tisa, huenda mrija wa kutoa uchafu na dawa vingetosha. Alisema huenda, hakuapa. Kisha akaniuliza, bila ukali wowote, kama kweli baba alisema tatu. Katika kundi zima, faili ya baba ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote.

Alilala wiki tatu chumba cha wagonjwa mahututi. Wewe nilikuambia kapata homa kidogo. Alipotolewa kwenda wodi ya kawaida alikuwa na mfuko wa choo ubavuni, na miguu imebaki mifupa. Kaka yangu, dereva wa lori anayejigamba kwamba haogopi kitu, mara ya kwanza kuubadilisha ule mfuko alizimia, tukawa na wagonjwa wawili. Muuguzi alimpepea kwa faili. Sasa amekuwa hodari kunishinda, anaubadilisha huku akisimulia habari za barabarani, na baba anapenda iwe zamu yake.

Siku moja pale wodini nilimuuliza baba. Sikuuliza kwa adabu, nakiri. Nilitaka kujua kwa nini alidanganya, yeye aliyewaandikisha watoto wa watu miaka yote ile kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Alikunjakunja pindo la shuka. Kisha akasema kwamba angetaja saba angerudishwa, na angerudishwa angehesabiwa miongoni mwa walioshindwa, na kazi ya kijana ingeharibika.

"Yule mtoto nilimwonea," akasema. "Kila siku nilimsimamisha mbele ya wenzake kwa ajili ya kalamu. Kumbe kwao hawakuwa na uwezo. Nilikuja kujua ameshamaliza shule. Nikaona safari hii nimpe alama."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi za dharura nikalia. Nililia kwa hasira, nakwambia waziwazi. Miaka yote hakumwongezea mtu hata nusu alama, hata damu yake, na siku aliyoamua kupendelea, alipendelea kwa uhai wake mwenyewe. Na mimi pia nilikuwa na wivu, Shangazi. Niliona aibu kuugundua wivu ule mahali kama pale, lakini ulikuwapo.

Nilimweleza Bila-Kalamu. Sikuona haki abaki hajui. Alikuja jioni bila koti jeupe, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mwalimu, sikuhitaji kufaulu," alisema. "Nilihitaji kujua."

Baba akamtazama. "Basi andika kwamba nilidanganya."

Akaandika. Utafiti ulisimamishwa wiki mbili, kamati yao ikakaa, na kwenye fomu wakaongeza swali la saba, la kumuuliza mtu anayeishi na mgonjwa: wewe unamwonaje? Watu wananiambia basi angalau katika ubaya pametoka jema. Labda. Mimi kila nikilifikiria swali lile najiuliza kama siku ya tisa ningelijibu, na baba amesimama pale ananitazama. Sina hakika. Hilo sijamwambia mtu mwingine.

Kuhusu hali yake sasa. Dawa za kumaliza mabaki ya saratani zilitakiwa zianze ndani ya wiki nane baada ya upasuaji ule wa kwanza. Kidonda hakikufunga, uzito uliporomoka, damu haikutosha, na wiki nane zikapita hajapewa hata chupa moja. Picha waliyopiga mwezi huu imeonyesha saratani imefika kwenye ini. Bila-Kalamu aliiweka kwenye taa akanionyesha madoa kwa ncha ya kidole, akafika la tano, akaacha kuhesabu. Hakuna upasuaji mwingine wala dawa nyingine ya kujaribu.

Kwa hiyo tumemrudisha nyumbani. Muuguzi wa maumivu huja mara mbili kwa wiki, mwanamke mfupi asiye na mzaha, anavua viatu mlangoni na kwenda moja kwa moja kitandani. Amenifundisha kupima morfini ya maji, kumgeuza bila kumburuta, kumlowesha midomo kwa kitambaa. Amenikataza kumlazimisha kula, kwamba mwili wenyewe umeshakataa na chakula kitamtesa. Hilo ndilo gumu kuliko yote. Kaka yangu hawezi kabisa. Huleta kijiko, hurudi nacho jikoni, hukaa huko.

Ijumaa ilikuwa siku ya tisini tangu upasuaji ule wa kwanza, na simu ya mwisho ya utafiti. Sikudhani wangepiga, lakini taratibu ni taratibu. Yule muuguzi wa sauti ya upole alimsalimia baba kwa jina la Mwalimu, na baba akaniashiria nishike simu mimi. Nikajibu yote saba. Sikupunguza wala kuongeza. Upande wa pili nilimsikia ameacha kuandika, kisha akanishukuru, akasema ataniombea, jambo ambalo sidhani lipo kwenye fomu.

Shangazi, baba amenikataza kukuambia haya. Anasema una kazi, likizo yako ni Desemba, basi uje Desemba, mkae mbishane kama kawaida yenu kuhusu nani alikuwa kipenzi cha babu. Ameshachagua chumba utakacholala. Ameniagiza nishone pazia jipya kwa kuwa lile la zamani linapitisha mwanga, na wewe hupendi. Nimeitika kila neno: ndiyo baba, ndiyo baba. Pazia nimelimaliza jana.

Lakini nilimfuata muuguzi wa maumivu hadi nje ya mlango, nikamsihi aniambie kama anavyowaambia wenzake. Aliinama kwanza akavaa viatu vyake. Kisha akasema wiki tatu. Alisema hivyo Jumatatu iliyopita.

Usingoje likizo. Omba ruhusa, au usiombe, wewe njoo tu. Ukifika usimuulize hali, maana atakuambia ni nzuri. Kaa karibu upande wa kulia, ndilo sikio linalosikia bado, ubishane naye.

Mpe mzee wako shikamoo yangu, na umwombe radhi kwa kukutoa ghafla. Msalimie binamu yangu Kipusa, umbusu na yule mjukuu. Kaka yangu anakusalimu; amesimama nyuma yangu anasoma, na kwa mara ya kwanza hajanikosoa.

Mungu akufungulie njia, akulinde safarini, na amshike baba mkono mpaka ufike.

Ni mimi mwana wa kaka yako, nikupendaye,
Fundi wako wa magauni.